Kuku Wamenikataa

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu tena. Nimemaliza chai na zizi la jirani bado silioni. Nimewapa kuku maji ya uvuguvugu. Ya baridi hawayataki asubuhi hizi, wanachovya mdomo wanatikisa kichwa. Mayai trei tano na kidogo. Wanataga vizuri.

Baba Ema hajala. Uji vijiko viwili, akageukia ukutani. Miguu imejaa maji, ukibonyeza shimo linabaki. Nimemgombeza. Akasema kawagombeze kuku wako. Nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikalia.

Neema, mke wa mwanangu Ema, alijifanya hajaniona. Mtoto mzuri yule.

Jumatano, 5 Juni

Nimegeuza maranda ya mbao bandani. Yalishaanza kulowa chini ya vyombo vya maji, ile harufu ikipanda machoni kuku anakosa raha. Kuku hataki mambo mengi. Hataki baridi, hataki njaa, hataki kubadilishiwa. Mtu yule yule, wakati ule ule, ndoo ile ile. Mimi naingia naimba wasishtuke. Kitenge changu cha njano ndicho cha bandani, kimejaa mavi yao, hata ukikifua hakitakati. Wakikiona wanakuja mbio kama watoto wa chekechea.

Hawa ni wangu. Ng'ombe ni wa Baba Ema. Shamba ni la ukoo. Nyumba kajenga Ema kwa kuendesha watalii huko kreta. Kuku nilianza mimi, vifaranga kwenye boksi, chini ya kitanda, na jiko la mkaa pembeni. Baba Ema alininunia kwa kelele zao. Halafu siku moja nikamkuta amepiga magoti anawatazama, anatabasamu peke yake.

Leo amekunywa maziwa. Kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Amekufa. Asubuhi, mimi nikiwa bandani. Neema alisimama mlangoni. Nikaangusha ndoo.

Jumapili, 9 Juni

Nimekalishwa kwenye godoro. Mjane hatoki. Haendi jikoni, haendi zizini, akitaka choo anasindikizwa. Wifi yangu Paskalina, dada yake Baba Ema, ndiye kiongozi wa kila kitu. Kaja na gauni jeusi na kilemba cheusi. Limenibana kwapani. Mpaka ibada ya mwaka, kasema. Sawa. Libane.

Uani kuna maturubai mawili. Moja kamba yake imefungwa kwenye nguzo ya banda langu. Upepo ukija linapiga bati. Pa. Pa. Jenereta wameiweka nyuma ya banda, eti isiwasumbue wafiwa. Spika nayo imetazama huko huko. Kwaya inaimba vizuri, Mungu awabariki. Lakini wimbo ukiisha, kabla ya mwingine kuanza, nawasikia kuku.

Nani aseme? Mimi? Mume yuko kwenye sanduku, mke anauliza habari za kuku?

Nimemnong'oneza Neema. Kasema amewalisha. Lini? Jioni, mama, asubuhi nilikuwa nachota maji ya wageni. Jioni! Sikumlaumu kwa mdomo. Moyoni nilimlaumu, na hiyo ni dhambi, maana mikono ya yule binti imechubuka kwa kuosha masufuria.

Jumanne, 11 Juni

Tumemzika jana. Udongo mwekundu, juu vumbi, chini mbichi. Ema alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Leo karudi kazini, ana wageni wa kuwapokea.

Neema kaniambia leo. Alikuwa anasubiri kuzika kuishe. Siku ile ya upepo turubai lilikatika kamba, likaangukia bati la banda. Kuku wote wakakimbilia kona moja. Wakapandana. Wa chini wakakosa pumzi. Kawatoa wamebanana kama nguo zilizokunjwa, mpaka mikono ikachoka. Kawafukia nyuma ya migomba peke yake, msiba ukiendelea, watu wasione.

Nililia kwa sauti. Wifi akanikumbatia. Lia, mama, lia, kaka yangu alikuwa mtu. Nilikuwa namlilia kaka yake pia. Sikuweza kutenganisha machozi, haya ni ya kuku, haya ni ya mume. Yalitoka pamoja.

Alhamisi, 13 Juni

Wageni wameondoka. Nimeruhusiwa kutembea uani. Wifi amebaki, atakaa nami mpaka arobaini. Anakoroma.

Nimekwenda bandani. Sijawahi kuona vile. Migongo wazi, ngozi nyekundu, wengine damu mkiani. Wanadonoana. Kuku akitiwa hofu anamgeukia mwenzake. Akionja damu haachi.

Nilipoingia waliruka. Wote, mara moja, mpaka ukutani, maranda yakawa vumbi. Nikaimba. Wakazidi. Nikatoka upesi, nikiogopa watapandana tena. Nikakaa juu ya ndoo nje. Nimefuga miaka yote hii, sijakimbiwa na kuku wangu.

Mayai hayakujaza trei. Mengine hayana ganda, ngozi tupu kama tumbo la mjusi.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani, mjane haendi bado. Nimefanya kazi yangu huko huko nyumbani, Mungu ananiona.

Nimeziba upande wa upepo kwa magunia. Nimetenga wenye vidonda, nimewapaka ile dawa ya bluu. Nimening'iniza kabichi kwa kamba, wadonoe kabichi waache migongo. Vitamini kwenye maji. Chakula wakati wake. Wifi anakaa barazani ananitazama. "Kaka yangu hukumpikia hivyo alipoumwa." Nilimpikia. Alikuwa hali. Nikaendelea kufunga kabichi.

Nikiingia wanaruka. Nimevua viatu, naingia pekupeku kama mwizi. Wanaruka. Neema anasema kwake wametulia. Nimemwambia wewe kijana, una miguu myepesi. Lakini imeniuma.

Jumatano, 19 Juni

Bwana mifugo kaja na pikipiki yake. Kafungua mdomo wa kuku, kachungulia, katazama mavi, kasikiliza pumzi. Si kideri. Si ugonjwa.

"Kuku wana stresi, bibi."

Nikamwambia hata mimi ninayo, mbona hunitilii dawa kwenye maji. Akacheka mpaka akashika kofia. Halafu akaacha kucheka, aliona nguo yangu.

Kasema turubai lilikuwa mshtuko mmoja, kwa siku hizi wangekuwa wameanza kutulia. Kuna kitu bado kinawatisha kila siku. Kitafute, bibi. Kicheche, paka, panya, nyoka. Ukikitoa, watarudi.

Nimezunguka banda lote kwa magoti. Nimeziba tundu kwa udongo na mawe. Nimenyunyiza majivu chini ya ukuta nione nyayo.

Ijumaa, 21 Juni

Majivu safi. Hakuna nyayo. Nyayo zangu tu.

Jumamosi, 22 Juni

Kikao cha ukoo. Shemeji Boay, mdogo wake Baba Ema, sasa ndiye mkubwa wetu. Si mtu mbaya. Msibani alitoa dume lake la ng'ombe bila kuombwa. Lakini arobaini inakuja, watu watakuja, na dume jingine hana.

Kasema kuku wachinjwe. Hawatagi, wanakula tu.

Nikasema shemeji, watataga.

"Lini?"

Ningejuaje? Bwana mifugo mwenyewe hajui.

"Haya, shemeji, kwa heshima ya kaka. Mayai yakirudi kabla ya arobaini, kuku wako, hakuna atakayewagusa. Yasiporudi, sufuria."

Wanaume wakaitika. Wifi akasema mchuzi wa kuku wa mayai hauna ladha, wakacheka. Nilikaa kwenye mkeka na gauni langu jeusi. Kitu pekee nilichokianza mwenyewe duniani, na natazama tu midomo ya watu.

Alhamisi, 27 Juni

Ni mimi.

Leo nimefua lile gauni, ni moja tu, lilikuwa linanuka jasho. Ukungu haukuondoka, likabaki kwenye kamba linadondosha maji. Wifi alikuwa ameenda sokoni Karatu. Nikavaa kitenge cha njano cha bandani, nikaenda na ndoo kama zamani, wala sikufikiri.

Wakaja.

Wakaja wote. Wenye migongo wazi, wenye dawa ya bluu, wakanizunguka miguuni, wanasukumana, wanadonoa kidole cha mguu. Nikasimama nimeshika ndoo. Nikaimba, wakainua vichwa.

Hakuna kicheche. Hakuna nyoka. Kila asubuhi mtu mkubwa mweusi kichwa hadi mguu anaingia kwao, tangu siku ile dunia yao ilipopiga kelele, na mtu huyo ni mimi. Nimewatafutia adui kwa magoti, kumbe namvaa.

Na jambo jingine. Nilipokuwa mle ndani nimevaa njano, kwa muda kidogo nilisahau kwamba amekufa. Nilifurahi. Niliwaza nitamwambia Baba Ema wametulia.

Hapo ndipo panaponiuma. Siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 29 Juni

Leo nimevaa kitenge juu ya gauni na kilemba nikakiweka mfukoni. Nikadhani wifi amelala. Nikamkuta mlangoni mwa banda amesimama na mswaki mdomoni.

"Njano? Juu ya msiba wa kaka yangu, njano?"

Akakivuta begani. Nilimweleza. Kuku wanaogopa nyeusi, wifi, wanaijua rangi yangu.

"Kumbe sasa kuku ndio watakaokuvua msiba! Mwaka mzima umekushinda, hata mwezi? Unamtaka nani, wewe mwanamke?"

Mimi. Na magoti haya. Na meno haya.

Majirani walisikia. Boay kaitwa. Kaona aibu zaidi ya hasira, alikuwa anatazama chini, anasema shemeji, tafadhali, watu watasema nini. Kuku anajua rangi? Nani kakwambia? Nikasema nimeona kwa macho. Akatikisa kichwa taratibu, vile unavyomtikisia mgonjwa.

Halafu wifi akaanza kulia. Siyo kilio cha msibani, kile cha kuonyesha. Alijifunika uso kwa mikono yenye dawa ya meno. Kaka yake alimbeba mgongoni kwenda kisimani, akasema. Nikamshika. Tulikaa pale chini, mlangoni mwa banda, wazee wawili.

Nimeahidi sitavaa tena. Nimeahidi kwa moyo. Sitaki waseme, lakini hata mwenyewe sitaki ile furaha. Bado mapema.

Jumatatu, 1 Julai

Kitenge kimeenda kwa Neema. Yeye ndiye anayeingia kwao sasa, asubuhi na jioni. Nimemfundisha wimbo. Sauti yake nyembamba lakini wanamsikia.

Mimi ninakaa nje, mbali, karibu na shina la mgrevilea. Nawatazama kupitia wavu. Wakiinua shingo kunitazama, nageuka pembeni.

Mayai yamejaza trei moja. Asante Yesu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimesogeza kigoda. Hatua chache tu. Nakaa, sifanyi kitu, sinyanyui mkono. Nyusi zikiwasha sizikuni. Wenyewe wanasimama wananitazama kwa jicho moja, kisha la pili, halafu mmoja anainama anaparua na wengine wanafuata. Basi hiyo ndiyo kazi yangu ya siku. Wifi ananiona nimekaa kimya namna ile, anafikiri nawaza marehemu. Ananiletea chai. Ananifunika mgongo na shuka.

Nawaza marehemu pia.

Jumanne, 9 Julai

Nimefika kwenye wavu. Wapo wachache hawaniogopi tena. Wanakuja mpaka kwenye wavu wanadonoa pindo la gauni. Mmoja mwenye kishungi kilicholala upande, anakaa chini hasa, pale pale mbele yangu, anafumba macho. Nimeshika pumzi nisimwamshe. Migongo inaanza kuota vinyoya vidogo kama miiba ya mbigili.

Trei moja na nusu. Zitafika tano, nawaambia. Fanyeni haraka, mabinti, muda unaisha.

Jumamosi, 13 Julai

Neema ameniruhusu niingie naye. Yeye na njano mbele, mimi nyuma na nyeusi. Wengi walikimbilia mwisho. Hawakupandana. Wale wachache hawakukimbia. Nikachuchumaa, wakanijia mikononi.

Nimemwomba Boay wiki mbili. Kasema shemeji, nilisema arobaini, niliisema mbele ya watu. Trei mbili si tano. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa anachosema. Lakini alikisema.

Jumatatu, 15 Julai

Arobaini ni kesho. Vijana wa ukoo walikuja leo na magunia. Boay amekata shauri: nusu wachinjwe, nusu wabaki. Hiyo ni huruma yake, naijua, wengine walitaka wote.

Kijana wa kwanza akafungua mlango kwa teke. Kuku wakaruka wote kwenda kona ile ile. Niliona wameanza kupandana. Niliona tena zile nguo zilizokunjwa, ingawa sikuwahi kuziona, Neema ndiye aliziona.

Nikapiga kelele. Toka! Tokeni wote! Sijui nilitoa wapi sauti ile. Wakatoka. Boay akasema shemeji, lazima. Nikasema najua. Nitawatoa mimi. Mkiwakimbiza ninyi, hao mtakaowaacha watakufa humo, mtakuwa mmechinja wote.

Akafikiri. Akasema haya.

Nikaingia peke yangu na gauni langu. Nikachuchumaa, nikangoja vumbi litulie. Nikaimba polepole.

Wakaja wale wasioniogopa.

Nani mwingine angekuja? Wenye hofu walibaki ukutani. Nikamshika wa kwanza kwa mikono miwili, mabawa yamefungwa, kama inavyotakiwa, hakulia hata kidogo. Nikampa Neema mlangoni. Neema alikuwa anatazama juu, machozi yanamtiririka. Nikarudi. Nikachuchumaa. Akaja mwingine. Yule wa kishungi cha upande alikuja, akasimama kwenye goti langu.

Wenye imani walipoisha, ikabidi niwachukue waliokuwa hawajaamua. Taratibu. Mmoja mmoja. Hakuna waliopandana, hakuna aliyekanyagwa. Kazi safi. Vijana walisema bibi anajua kushika kuku.

Nilinawa. Nikanawa tena.

Jumanne, 16 Julai

Ibada nzuri. Mchungaji alimsema vizuri Baba Ema, kwamba alikuwa mtu wa utulivu. Ni kweli. Watu wamekula wakashiba. Wifi aliniletea sahani mwenyewe, paja, kwa heshima. Nikamwambia tumbo. Hakunilazimisha. Akakaa karibu yangu, naye hakula.

Jumatano, 17 Julai

Wifi kaondoka na basi la asubuhi. Alinibusu mikono. Kasema nisimwonee kinyongo. Simwonei. Nimemfungia mayai, nikayafunga na maranda yasivunjike.

Ema kapiga simu. Anataka kuniletea vifaranga, mama, utaanza upya. Nikasema asante baba. Sikusema ndiyo.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda kanisani. Wamenipisha benchi la mbele. Nimerudi kwa miguu, ukungu umepasuka, milima ya huko kreta inaonekana yote.

Jioni nimeingia bandani. Neema alitaka kuja na njano yake, nikamwambia apumzike. Nimeingia kama nilivyo. Waliobaki ni wale waoga, wale wa ukutani. Banda limekuwa kubwa. Sikuimba. Nimegeuza ndoo nikaikalia karibu na mlango, mgongo ukutani, mikono mapajani.

Walisimama upande wao wote, wananitazama. Nami nikatazama chini.

Tumekaa hivyo mpaka mwanga ukaanza kuondoka nao wakapanda kwenye fito zao, mmoja mmoja, kila mtu mahali pake. Hawakuja. Hawakukimbia pia.

Nimefunga mlango.